Deki ikigoma, anza na maswali kabla ya bisibisi

Deki ikigoma, nyumba nzima hugeuka mafundi. Mmoja anaipiga kofi mgongoni, mwingine anachomoa diski na kuipuliza, mtoto wa kati anabonyeza kila kitufe cha rimoti, na mama anakumbusha kuwa tangu asubuhi alikataza watu wasiiguse. Baada ya robo saa picha haijarudi, na sauti iliyokuwepo nayo imepotea.

Karibu tena katika safu yetu, ndugu msomaji. Najua utauliza mwandishi wa habari za afya ameingiaje kwenye mambo ya deki. Nimeingia kwa sababu kuna nyumba ambazo deki imepelekwa kwa fundi mara mbili, mara tatu, na kila mara imerudi ikiwa nzima, kumbe aliyepaswa kupelekwa kuonwa ni babu. Huko tutafika. Kwanza tuishughulikie mashine yenyewe.

Wapo wanaosema deki zimepitwa na wakati, kila kitu sasa kiko kwenye simu. Pitia nyumba za Dunda, Magomeni ya Bagamoyo, Zinga au Mapinga uone. Bando likiisha, deki ndiyo inayookoa jioni. Diski za kasida, taarabu na mawaidha bado zipo kabatini. Zipo pia filamu za Bongo, zikiwamo za Steven Kanumba aliyefariki Aprili 7, 2012, enzi ambazo sinema zetu ziliuzwa kwa diski mkononi. Na zipo diski ambazo hakuna duka linaloziuza: harusi ya dada, hitima ya mzee, sauti ya mama aliyekwisha tangulia mbele ya haki. Hizo ukizipoteza, huzipati tena.

Maswali manne

Daktari mzuri hakimbilii sindano, anaanza na maswali. Fundi mzuri hali kadhalika. Kabla hujagusa kitu, jiulize haya:

1. Tatizo lipo kwa diski zote au kwa moja tu? Likiwa kwa moja, deki haina kosa, tazama diski.

2. Televisheni ikiwekwa kwenye king'amuzi, picha na sauti ni nzuri? Zikiwa nzuri, televisheni haina kosa. Zikiwa mbaya huko pia, acha deki, angalia televisheni au spika.

3. Limeanza lini, na nini kilitokea kabla? Mlihamisha kabati? Mlinunua sabufa? Umeme ulikatika na kurudi? Mtoto alichezea rimoti?

4. Wote mnaliona na kulisikia tatizo hilo, au analalamika mtu mmoja tu?

Swali la nne watu hulisahau. Liweke akilini, tutalirudia.

Kanuni nyingine ni kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha waya, diski na mipangilio kwa pamoja, hata picha ikirudi hutajua kilichoirudisha, na wiki ijayo utaanza upya.

Usifungue boksi

Umeme wa nyumbani kwetu ni volti 230. Ndani ya deki kuna sehemu inayoubadilisha, na vifaa vyake vinaweza kuhifadhi zaidi ya volti 300 kwa muda hata baada ya kuchomoa plagi. Mtu anadhani yuko salama kwa sababu amechomoa, anaingiza bisibisi, anapigwa shoti. Kama moyo wake una tatizo asilolijua, hilo si jambo dogo.

Pia usiwashe deki ikiwa wazi ukachungulia lenzi. Mwanga wa kusoma diski za DVD ni mwekundu, lakini ule wa kusoma CD na VCD hauonekani kwa macho. Jicho halitapepesa kujilinda na kitu lisichokiona. Deki ikiwa imefungwa hakuna hatari hiyo.

Kwa hiyo kazi zetu leo ni za nje ya boksi. Zikishindikana, mpelekee fundi ukiwa na majibu ya maswali manne. Utamrahisishia kazi, na itakuwa vigumu kukutoza kwa kitu ambacho hakijaharibika.

Hakuna picha kabisa

Taa ya deki inawaka, diski inazunguka, lakini televisheni ni giza au imebaki bluu. Mara nyingi televisheni iko kwenye chaneli nyingine. Bonyeza kitufe cha "SOURCE", "INPUT" au "AV" kwenye rimoti ya televisheni, pitia AV1, AV2, HDMI, ukisubiri kidogo kila mahali.

Kisha nenda nyuma. Waya wa njano ni wa picha, mweupe ni wa sauti ya kushoto, mwekundu ni wa sauti ya kulia. Upande wa deki zinaingia palipoandikwa "OUT", upande wa televisheni palipoandikwa "IN". Ukiziweka "OUT" kwa "OUT" hutapata kitu hata ukikesha.

Kuna mtego unaowakamata wengi. Deki nyingi zina matundu mengine matatu ya picha: kijani, bluu na jekundu. Hapo unakuwa na matundu mawili mekundu, moja la sauti na jingine la picha. Waya mwekundu wa sauti ukiingia kwenye tundu jekundu la picha, spika ya kulia inanyamaza, nawe unaanza kumlaumu aliyekuuzia sabufa.

Televisheni nyembamba za siku hizi huwa na tundu moja dogo la AV badala ya matatu, na huja na waya mfupi wa kuunganishia. Si kila waya unaofanana nao utafaa, kwa sababu mpangilio ndani ya pini hutofautiana. Ukiweka usio wake, sauti inatoka mahali pa picha. Tumia uliokuja na televisheni, au jaribu kuhamisha ile njano, nyeupe na nyekundu hadi picha itokee.

Picha ipo, lakini mbovu

Picha ikiwa nyeusi na nyeupe wakati diski ni ya rangi, kuna mambo mawili ya kuangalia. La kwanza, waya wa njano umeingia kwenye tundu la kijani. Urudishe mahali pake. La pili, mfumo wa rangi. Tanzania tulizoea mfumo wa PAL, Marekani wao walitumia NTSC. Televisheni za zamani, zile za kichogo, zisizoelewa NTSC huonyesha picha isiyo na rangi au inayopandapanda kama ngazi. Kwenye menyu ya "SETUP" tafuta "TV TYPE" au "TV SYSTEM", chagua PAL au "AUTO". Rimoti nyingine zina kitufe cha "N/P" kinachofanya kazi hiyohiyo.

Picha ikigawanyika mara mbili, ikijikunja, au ikipotea ghafla baada ya mtoto kuchezea rimoti, huenda amebonyeza "P-SCAN" au "V-MODE". Kitufe hicho hubadilisha namna deki inavyotoa picha, na televisheni ya kichogo haiwezi kuifuata. Toa diski, bonyeza kitufe hichohicho mara moja, subiri sekunde chache, kisha bonyeza tena hadi picha irejee. Deki haijafa.

Halafu kuna wale wenye ndugu ng'ambo. Mjomba yuko Maskati, shangazi yuko London, ametuma filamu, deki inaandika kuwa diski hairuhusiwi. Filamu za DVD za kiwandani hupewa namba ya eneo, inayochapwa nyuma ya kava ndani ya alama ya dunia. Tanzania na Kenya tuko eneo la 5. Oman na Uingereza ziko eneo la 2, Marekani eneo la 1. Diski yenye namba 0 au neno "ALL" hucheza popote, na deki nyingi zinazouzwa kwetu hazijali namba hizo. Ila ukikutana na inayojali, usiikwaruze diski wala kumnunia mjomba. Video ya harusi iliyorekodiwa na mpiga picha haina namba hiyo kabisa.

Sauti haipo, au maneno hayasikiki

Sauti ikipotea kabisa, angalia kama mtu amebonyeza "MUTE", kisha sauti ya televisheni na ya sabufa, kila moja peke yake. Halafu badilishana nyeupe na nyekundu nyuma ya televisheni. Ukimya ukihamia upande wa pili, waya au deki ndiyo yenye tatizo. Ukibaki palepale, tatizo ni spika.

Filamu ikiongea Kichina wakati kava linasema Kiingereza, bonyeza "AUDIO" kwenye rimoti ya deki. Diski moja inaweza kubeba lugha kadhaa. Kwa diski za karaoke za VCD kitufe hicho hutenganisha pande mbili, ala upande mmoja na mwimbaji upande wa pili. Ndiyo maana siku nyingine mnasikia kinanda tu, mwimbaji hayupo.

Malalamiko makubwa ni haya: muziki na milipuko vinatikisa madirisha, lakini wahusika wakizungumza ni kama wananong'ona. Filamu nyingi hurekodiwa kwa spika sita, na mazungumzo huwekwa kwenye spika ya katikati. Kama sabufa yako ina spika mbili tu, au ile ya katikati mmeichomoa ili plagi yake itumike kwingine, maneno yanapotea. Ingia "SETUP", sehemu ya sauti, tafuta "DOWNMIX" au "SPEAKER", chagua "STEREO" au "LT/RT". Hapo deki itachanganya mazungumzo kwenye spika ulizo nazo, na hutahitaji kuongeza sauti hadi jirani agonge ukuta.

Mngurumo usiokoma kwenye spika mara nyingi hutokana na waya uliokatika ndani au plagi iliyolegea. Chomeka televisheni, deki na sabufa kwenye ekstensheni moja iliyo nzima, kisha jaribu waya mwingine.

Inakwama, inaganda, haisomi

Picha ikivunjika vipandevipande na sauti ikikatakata, shika diski kwa kingo zake, itazame kwenye mwanga. Alama za vidole, mafuta ya maandazi na vumbi ndivyo visababishi vikubwa. Ifute kwa kitambaa laini kilicholowa maji kidogo, kutoka katikati kwenda nje kwa mstari ulionyooka. Usizungushe mkono kama unayesafisha sahani, kwa sababu mkwaruzo unaofuata mzunguko wa diski huisumbua deki kuliko unaoukata. Usiipake mafuta wala dawa ya meno.

Kwa CD na VCD, upande wa maandishi ndio dhaifu zaidi, kwa kuwa data imekaa chini yake tu. Ukichubuka hapo, hakuna dawa. Kwa DVD, data imebanwa katikati ya matabaka mawili ya plastiki, hivyo ina nafuu kidogo.

Kama diski zote zinakwama, lenzi ina vumbi au imechoka. Dalili mojawapo ni deki kusoma VCD na kugoma DVD, au kinyume chake, kwa sababu kila aina husomwa kwa mwanga wake. Jaribu diski ya kusafishia lenzi yenye vibrashi. Ikishindikana, fundi atafungua na kuisafisha kwa pamba ya kijitini na spiriti. Vile vijiti vyenye pamba tunavyoviita vya masikio, kazi yake halali ni hiyo. Masikioni havitakiwi, nami nitaeleza kwa nini.

Kuhusu diski za harusi na misiba, zina udhaifu wake. Hazikupigwa chapa kiwandani, zilichomwa kwenye kompyuta, na kinachobeba picha ni tabaka la rangi maalumu. Jua, joto na unyevu huliharibu tabaka hilo taratibu. Leo inakwama mwishoni, kesho haisomeki. Kama bado inacheza, usisubiri: ipeleke stesheni ya kompyuta wakuhamishie kwenye flashi, kisha weka nakala nyingine kwa ndugu anayeishi nyumba tofauti.

Chumvi ya bahari na kitambaa cha kufuma

Sisi wa ukanda huu, kutoka Bunju kupanda hadi Bagamoyo na Saadani, tuna adui ambaye mtu wa Dodoma hamjui. Upepo wa bahari unabeba chumvi na unyevu, na huingia dirishani kusi na kaskazi. Pini za waya hushika kutu, shaba hugeuka kijani, na umeme mdogo wa picha na sauti hushindwa kupita. Picha inakuja ukigusa waya, ukiuachia inapotea.

Zima kila kitu, chomoa, futa pini kwa kitambaa kikavu chenye spiriti kidogo, ziache zikauke, kisha zichomeke na kuzichomoa mara tatu nne. Ukifanya hivyo kila baada ya miezi michache utaona tofauti.

Usiiweke deki dirishani. Usiifunike kwa kile kitambaa kizuri cha kufuma wakati inafanya kazi, maana matundu ya juu na pembeni ndiyo pua zake. Masika ikianza, funika ikiwa imezimwa na kupoa, kwa sababu mende na mijusi nao hutafuta joto. Umeme ukikatika, chomoa plagi, subiri utulie ndipo uichomeke tena.

Betri ndogo ya rimoti

Hapa naomba tusimame, hata kama deki yako ni nzima.

Kujua kama rimoti inafanya kazi, ielekeze kwenye kamera ya simu na ubonyeze kitufe. Kwa simu nyingi utaona kitaa kikiwaka zambarau kwenye kioo. Kisipowaka, badilisha betri.

Rimoti nyembamba, hasa za deki ndogo za kubeba na za kwenye gari, hutumia betri bapa ya mviringo mfano wa sarafu. Mtoto akiimeza ikakwama kwenye koo la chakula, mate na umeme wa betri hiyo hutengeneza kemikali kali inayounguza nyama. Majeraha makubwa yanaweza kutokea ndani ya saa 2. Hata betri iliyoishiwa, isiyowasha rimoti, bado ina nguvu ya kumuunguza mtoto.

Dalili ni kutokwa mate mengi, kukohoa, kukataa kula, maumivu ya kifua au kutapika. Wakati mwingine hakuna dalili kabisa mwanzoni. Ukihisi mtoto amemeza, usimtapishe na usimpe chakula. Mkimbize hospitali yenye mashine ya eksirei na useme wazi kuwa unahofia betri. Kama amezidi umri wa mwaka 1, anaweza kumeza na amemeza betri ndani ya saa 12 zilizopita, wataalamu wa sumu wanashauri apewe asali vijiko viwili vidogo kila baada ya dakika 10 mkiwa njiani, visizidi vipimo 6. Asali hupunguza makali tu, haiondoi betri. Usipoteze hata dakika moja kwenda kuitafuta dukani.

Funga kifuniko cha rimoti kwa skrubu au gundi ya karatasi. Betri iliyotolewa ifunge kwenye karatasi ya gundi pande zote mbili na uiweke mbali na watoto.

Deki ni nzima. Je, mtu?

Sasa turudi kwenye swali la nne. Waya ziko sawa, mipangilio iko sawa, diski ni safi, na watu watano sebuleni wanasikia vizuri. Babu peke yake anasema deki hii sauti yake mbovu, ongezeni. Mkiongeza, anasema mnampigia kelele.

Huyo hana ubishi. Masikio yanapozeeka, sauti nyembamba ndizo hutangulia kupotea, na humo ndimo zimo herufi kama s, sh, f na t. Anasikia kuwa mtu anaongea, lakini "shika" na "fika" kwake vimekuwa kitu kimoja. Ndiyo maana hukwambia "nasikia, ila sielewi". Sauti nene za ngoma na milipuko bado anazipata kama zamani, hivyo mkiongeza sauti zinamuumiza. Angalia pia kama anamwelewa mjukuu mwenye sauti nyembamba kwa shida kuliko anavyomwelewa mwanaume mwenye sauti nzito.

Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya robo ya watu waliovuka miaka 60 wana upungufu wa kusikia unaowatatiza maishani. Tafiti pia zimeuhusisha upungufu huo usiotibiwa na kupoteza kumbukumbu uzeeni. Mzee asiyesikia hujitenga, anaacha kuchangia mazungumzo, na nyumba inadhani amekuwa mkali.

Jaribio ni rahisi. Wekeni taarifa ya habari, acheni watu wengine wachague sauti inayowatosha, andikeni namba inayoonekana kwenye kioo. Rudieni baada ya miezi michache. Kama namba anayoitaka mzee inazidi kupanda na yenu imebaki palepale, msibadilishe sabufa. Mpelekeni apimwe.

Wakati mwingine tatizo ni nta tu iliyoziba, inatolewa hospitali na mtu anarudi akiwa amesikia azana ya mbali njia nzima. Lakini usimchokoe kwa kijiti cha pamba, njiti ya kiberiti wala unyoya wa kuku. Vitu hivyo husukuma nta ndani zaidi na vinaweza kutoboa ngoma ya sikio.

Mtoto naye mtazame. Anayesogelea spika, anayeongeza sauti kila mara au asiyeitika akiitwa kwa nyuma, huenda ana maji au usaha ndani ya sikio. Shuleni ataitwa mtundu au mzito wa kuelewa, kumbe hasikii.

Na wenye masikio mazima tusiyaue wenyewe. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Zikifika 90, muda unashuka hadi saa 4 kwa wiki. Huna mashine ya kupimia? Simama hatua moja kutoka kwa mwenzako. Ikibidi upaze sauti akusikie, punguzeni.

Upande wa picha ni vivyo hivyo. Mama akisema picha ina ukungu, rangi zimefifia, taa zinamchoma, na wengine mnaiona safi, mwambie afunike jicho moja kwa kiganja bila kulikandamiza, kisha jingine. Kama kuna jicho linaloona vizuri kuliko lenzake, televisheni haina kosa. Kama yote mawili yana ukungu na ninyi mnaona safi, bado televisheni haina kosa.

Ukungu unaokuja polepole mara nyingi ni mtoto wa jicho, ambaye ndiye kisababishi kikubwa cha upofu duniani na anatibika. Ni lenzi ya jicho imechafuka, kama ya deki, ila hii haifutwi. Daktari huitoa na kuweka nyingine ya bandia kwa upasuaji mfupi. Dawa za kudondoshea za mitaani hazimwondoi, na zipo zinazounguza jicho. Mtoto anayekaa pua kwa pua na televisheni huenda haoni mbali na anahitaji miwani. Kuona kukipotea ghafla, au jicho likiuma sana na kuwa jekundu, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo.

Kwa wakazi wa Bagamoyo, anzieni hospitali ya wilaya, nao watawaelekeza. Dar es Salaam, CCBRT pale Msasani wanajulikana kwa macho, na Muhimbili ina idara ya masikio, pua na koo. Mwenye kisukari asisubiri aone ukungu, macho yake yapimwe kila mwaka.

Kwa hiyo deki ikigoma jioni ya leo, uliza kwanza, badilisha kimoja kimoja, na acha boksi limefungwa. Ukishamaliza waya, mipangilio na diski, na bado kuna mmoja sebuleni anayelalamika peke yake, usimwambie anyamaze. Mkae karibu, muulize anaona nini na anasikia nini, halafu pangeni siku ya kwenda hospitali.

Tukutane wiki ijayo.